Hedi ya 7A ya Carina Ti hapa Dodoma: ya 5A au 4A inakaa au tunadanganywa?

#1 Kizota_Kwetu
Wakuu habari za jioni. Nina Carina Ti ya 98, chesesi AT211, injini 7A-FE. Imechemsha ikipanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa, mdogo wangu ndo alikuwa anaendesha, geji ikagota juu kabisa na yeye akaisukuma hivyohivyo mpaka ikazima yenyewe. Fundi kafungua, hedi (kichwa cha injini) imepinda na ina ufa kati ya valvu mbili za silinda ya tatu, anasema hii haiskimiwi (kuchongwa uso unyooke), nitafute used. Nimezunguka maduka ya spea hapa mjini. Moja wana hedi ya 5A, muuzaji anasema "hizi A zote kitu kimoja, weka uende". Lingine wana ya 4A wanataka laki tatu na nusu bila kemshafti (shafti inayofungua valvu). Ya 7A yenyewe sijaiona kwa macho. Sasa ipi kati ya hizo inakaa kwenye 7A, na kama kuna anayejua 7A inapatikana wapi huku bila kuagiza Dar aniambie. Gari ndo inanipeleka kazini Mtumba kila siku, haiwezi kukaa juu ya mawe mwezi mzima.

#2 Spana_13
Ya 5A usiguse mkuu. 5A-FE kipenyo cha silinda ni 78.7 mm, 7A-FE ni 81. Hedi ya 5A imetengenezwa kwa pistoni ndogo, ukiilaza juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya 7A kingo zake zinaingia ndani ya silinda pande zote. Huyo muuzaji anataka kuondoa mzigo dukani tu.

#3 Mzee_wa_Kibaigwa
Spana_13 acha kutisha watu. Hapa Kibaigwa kuna Corolla ya 4A imevalishwa hedi ya 5A, inabeba abiria na magunia ya mahindi mpaka leo. Bolti zinaingia, njia za maji zinalingana, asubuhi inawaka nusu funguo. Mwenyewe anasema ina nguvu kuliko mwanzo. Milimita mbili zisimnyime kijana usingizi.

#4 Spana_13
Mzee shikamoo. Sibishi kwamba inawaka, injini kuwaka ni jambo dogo. Hiyo nguvu iliyoongezeka inaweza kuwa mgandamizo umepanda, na mgandamizo ukipanda ovyo injini inaanza kugonga ikipanda kilima na mzigo. Halafu wengi wanaofanya hivyo wananunua gasketi (ile inayokaa kati ya hedi na bloku) ya 5A kwa kuwa hedi ni ya 5A, tundu la gasketi linakuwa dogo kuliko silinda, ule ukingo unaning'inia ndani ya moto, unaungua, unakuja kuona maji yako kwenye oili. Mtu akilazimika kuvalisha, gasketi ifuate bloku. Lakini mimi bado nasema asivalishe.

#5 Mzee_wa_Kibaigwa
Marahaba. Hapo kwenye gasketi nakubali, kwingine sikubali. Nikimpata mwenye gari nitamuuliza gasketi gani aliweka.

#6 Dada_Makole
Vipimo vya Toyota ni hivi: 4A-FE silinda 81, mwendo wa pistoni 77, jumla cc 1587. 7A-FE silinda 81 hiyohiyo, mwendo 85.5, cc 1762. Tofauti yao iko chini kwenye krenki na urefu wa bloku, siyo juu. Kwa hiyo kama 7A imekosekana kabisa, 4A ndo ya kuangalia, 5A sahau. ILA usichukue na belti ya taiming ya 4A, bloku ya 7A ni ndefu zaidi kwenda juu kwa hiyo belti yake nayo ni ndefu. Watu wengi wanauziwa belti kwa jina la "Carina" wanafika gereji haifiki.

#7 Kizota_Kwetu
Asante sana dada, hiyo ya belti sikuwa naijua kabisa.

#8 Mbukwenyi_Fundi
Mbukwenyi wote. Dada Makole kaandika vizuri ila kuna kitu mnaruka. Carina Ti za AT211 zilizotoka Japani nyingi zina 7A ya kubana mafuta, ile sisi gereji tunaiita linibani. Hedi yake upande wa manifoldi ya kuingizia hewa njia zake hazifanani na za 4A ya kawaida, na manifoldi yenyewe ina vilango vya ndani vinavyofunguka na kufunga kuzungusha hewa. Unaweza kununua hedi ya 4A safi kabisa, ikakaa kwenye bloku bila tatizo, halafu manifoldi yako ikagoma kulingana na matundu. Kizota, toa plagi moja uangalie ncha. Kama ina miguu miwili badala ya mmoja, kuna uwezekano mkubwa ni linibani. Na ukienda dukani beba gasketi ya manifoldi yako ya zamani, iweke juu ya hedi wanayokuuzia, tundu kwa tundu. Gasketi yako kuukuu inakupa jibu bila maneno mengi.

#9 Kizota_Kwetu
Nimempigia fundi sasa hivi. Plagi zina miguu miwili.

#10 Mbukwenyi_Fundi
Basi ya 4A iache kwanza mpaka umepima manifoldi. Tafuta hedi ya Corona Premio AT211 au Caldina AT211, nazo zina 7A. Sprinter Carib AE115 pia ina 7A, ila hiyo pima na gasketi kabla hujatoa hela.

#11 Nyundo_ya_Area_D
Mimi mnanichosha. Hedi, gasketi, bolti, kuskimu, ufundi, ukijumlisha unakaribia bei ya injini nzima ya Japani. Nunua injini, shusha hiyo, pandisha hiyo, siku moja umemaliza na unatembea. Kutengeneza 7A iliyochemka mpaka ikazima yenyewe ni kupoteza hela, ringi zimeshalegea hata kama hazijaonekana.

#12 Dada_Makole
Injini nzima nayo ni bahati nasibu, wanakuletea iliyooshwa inang'aa, ndani hujui. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadili bloku unatakiwa ukarekebishe taarifa TRA, usipofanya hivyo siku ya kuuza au ya kukaguliwa una kesi ya kueleza. Ukibadili hedi tu namba yako inabaki palepale kwa sababu imegongwa kwenye bloku.

#13 Nyundo_ya_Area_D
Kurekebisha kadi siyo mwisho wa dunia, watu wanafanya kila siku. Nilipandisha injini kwenye Mark II GX100, nikafuata taratibu, kadi ikatoka. Shida ni watu kuogopa ofisi.

#14 Kijana_wa_Nzuguni
Samahani wakuu na mimi nina Noah SR40, 3S, inakula oili sana, hedi ya 3S ya Camry inaingia?

#15 Spana_13
Kijana fungua uzi wako tutakuja wote na spana zetu. Ila oili mara nyingi ni ringi au sili za valvu, kwa nini unawaza kubadili hedi?

#16 Kijana_wa_Nzuguni
Fundi kaniambia.

#17 Spana_13
Mwambie apime mgandamizo wa silinda moja moja kwanza, kavu, halafu aweke oili kidogo kwenye tundu la plagi apime tena. Ukipanda sana baada ya oili, ringi zimechoka. Turudi kwa Kizota.

#18 Dereva_wa_Sekenke
Jamani mbona hakuna anayeuliza ILICHEMKA KWA NINI. Mtamfungia hedi ya 7A halisi, atapanda tena Nyang'oro au akija huku kwetu Singida akapanda Sekenke ataichemsha tena, atarudi hapa kuuliza hedi. Kizota muulize fundi wako kitu kimoja tu, themostati, ile valvu ya kudhibiti joto la maji, ilikuwepo?

#19 Kizota_Kwetu
Haikuwepo. Anasema alikuta imeshatolewa na fundi wa nyuma kabla sijainunua.

#20 Dereva_wa_Sekenke
Nilijua. Hao mafundi wanaozitoa ndo wameua injini nyingi za ukanda huu.

#21 Mzee_wa_Kibaigwa
Sasa hapo mnataka kunichekesha. Dodoma yenye jua hili themostati ya nini? Ile ni ya Wajapani wenye barafu. Magari yangu yote natoa, maji yanazunguka bila kizuizi, geji haivuki nusu.

#22 Spana_13
Mzee wangu hapa nitabisha na nakuomba usikasirike. Themostati ya injini hizi inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, ikifika 95 imefunguka yote. Iko upande maji yanapoingia kwenye injini, na ina sahani ya chini. Ikifunguka, ile sahani inaziba njia ya mkato, maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuona rejeta. Kwenye tambarare ya Bahi hutagundua kitu. Ukipata kilima kirefu na watu watano ndani, hapo ndipo inakudai. Mwenye mashaka achukue themostati mpya aichemshe kwenye sufuria yenye maji na kipimajoto, ataona yenyewe inavyofunguka na ile sahani ya chini inavyoshuka.

#23 Mzee_wa_Kibaigwa
Nimesoma. Lakini magari yangu hayajachemka.

#24 Chumvi_ya_Makutupora
Mnabishana themostati mnasahau maji. Maji ya visima vya Makutupora yana chumvi, kila mtu hapa anajua birika lake linavyoota ukoko mweupe ndani. Ukoko huohuo unakaa kwenye vijitundu vya rejeta na kwenye njia za maji za hedi. Mafundi wanajaza maji ya bomba na kopo la oili lililooshwa nusu, mwaka ukiisha rejeta nusu imeziba. Kizota toa rejeta, imwagie maji juu uangalie yanatokaje chini. Yakitoka kwa kuvuta vuta, hata ukiweka themostati kumi haitasaidia.

#25 Dereva_wa_Sekenke
Hilo la chumvi kweli, ila rejeta ingekuwa imeziba ingechemka hata mjini kwenye foleni, siyo kilimani tu. Mimi nabaki na themostati.

#26 Chumvi_ya_Makutupora
Siyo lazima. Foleni unatumia moto kidogo na feni inapuliza. Kilimani injini inatoa joto mara nyingi zaidi, rejeta iliyobaki nusu haiwezi. Dalili ni hiyohiyo kwa sababu mbili tofauti, huwezi kuamua ukiwa umekaa Singida.

#27 Mwalimu_Fizikia
Na mimi niongeze la tatu, kofia ya rejeta. Dodoma iko kama mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kofia, ndiyo maana juu yake kuna namba kama 0.9 au 1.1. Springi ikilegea au raba ikipasuka, presha inatoka, maji yanachemka mapema, mvuke unasukuma maji nje kwenye chupa na hayarudi. Kofia ni bei ya chakula cha mchana na watu wanaiacha miaka. Nyang'oro uko juu, kofia mbovu huko ni hatari zaidi. Na kitu kingine, mvuke ukishajaa kwenye hedi, sensa ya joto inaweza kuwa haigusi maji tena, geji inaonyesha uongo.

#28 Kizota_Kwetu
Nimeenda gereji mwenyewe leo. Kofia springi yake nikibonyeza kwa kidole inashuka kirahisi sana na raba imekauka. Rejeta matundu ya juu yana ukoko mweupe kweli. Na themostati haipo. Sasa mnanichanganya, ni ipi?

#29 Dereva_wa_Sekenke
Themostati.

#30 Chumvi_ya_Makutupora
Rejeta.

#31 Dada_Makole
Vyote vibadilishe usiwasikilize, hata kwa pamoja haviwezi kufikia bei ya hedi. Themostati nunua yenye namba ya nyuzi 82, siyo ya gari lingine iliyolazimishwa.

#32 Fundi_Ipagala
Nimechelewa kuuona huu uzi. Kuhusu kununua hedi used, niseme ninayoyaona mezani kwangu kila wiki, maana watu wanabeba vitu vya ajabu. Hedi ya A ina kofia za kemshafti, kila moja ina namba na mshale. Zile kofia zilichongwa pamoja na hedi hiyohiyo kiwandani, siyo za kuazima. Huyo anayekuuzia hedi ya 4A "bila kemshafti", muulize kofia ziko wapi. Akikuletea za kwenye ndoo, ukifunga kemshafti inakuwa nzito kuzungusha kwa mkono au inalegea, na huna cha kufanya.
Pili, angalia palipokaa kemshafti yenye gia mbili zilizobanana. Ile gia ndogo ina springi, wakati wa kutoa lazima ifungwe na bolti ndogo ya milimita sita, na kofia zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu. Wakataji wa magari hawana muda, wanafungua upande mmoja kwanza, kemshafti inakaa upinde na inapasua kiti chake. Ufa wake ni mwembamba kama unywele na uko mahali pa giza, weka tochi kwa upande siyo kwa juu.
Tatu, rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba). Lalisha rula kwenye uso wa chini, urefu, upana na kona kwa kona. Fila ya 0.05 mm ikipita chini ya rula, imeshapita kiwango. Inaweza kuskimiwa, lakini uliza imeshaskimiwa mara ngapi.
Nne, ipelekwe ikapimwe kwa presha ndani ya maji ya moto kabla ya kulipa yote. Muuzaji mwenye uhakika na mali yake anakubali kuacha kidogo mpaka ipimwe.

#33 Nyundo_ya_Area_D
Na huyo muuzaji anayekubali kusubiri upime anapatikana mkoa gani? Mimi nashangaa mnampa Kizota masharti ya kununua nyumba.

#34 Fundi_Ipagala
Wapo. Ukienda na fundi anayejulikana wanakubali. Ukienda peke yako na simu yenye picha hawakubali, na hapo ndo wengi wanaumizwa.

#35 Mama_Noah_Chang'ombe
Naunga mkono fundi. Mume wangu aliletewa hedi kwenye basi kutoka Dar, imefungwa kwenye boksi la sabuni tu, ikafika kona moja imebonyea upande wa gasketi. Aliyeuza akasema ilikuwa nzima, wa basi akasema aliipokea hivyo. Hakuna aliyerudisha hata mia. Ukiagiza lazima wafunge mbao chini na juu, na piga video wakati wanafunga.

#36 Dada_Makole
Ukiagiza Kariakoo Gerezani usiseme "hedi ya Carina". Taja AT211 na injini 7A-FE, omba picha ya maandishi yaliyoko kwenye chuma. Namba za Toyota zina tarakimu tano, kistari, halafu tano tena. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 11101 ni hedi, 11115 gasketi ya hedi, 13568 belti ya taiming. Tano za pili ndo zinasema ya injini gani. Kwa namba ya chesesi yako, ile inayoanza AT211, mtu mwenye katalogi anakupa namba kamili, unailinganisha na ya kwenye boksi. Tano za kwanza zikilingana peke yake haina maana, ndo hapo wanapouzia watu ya 5A.

#37 Kizota_Kwetu
Asanteni, nimejifunza mambo mengi. Taarifa mpya: kuna jamaa Manyoni amenitafuta pembeni, anakata Caldina AT211 iliyogongwa nyuma, injini 7A, anasema ilikuwa inawaka mpaka juzi. Hedi haijafunguliwa bado, iko juu ya injini. Anataka nichukue injini yote, mimi nataka hedi tu.

#38 Mbukwenyi_Fundi
Hiyo ndo nzuri kuliko zote za dukani! Iliyogongwa nyuma injini yake haijaguswa. Mwambie asifungue mpaka wewe na fundi mfike. Iwasheni ipate moto, angalia chupa ya maji kama inatoa mapovu, fungua kofia ya oili angalia chini yake kama kuna utando wa rangi ya maziwa. Ikiwa safi, fundi wako mwenyewe ndo aifungue, na kofia za kemshafti zipangwe kwa namba palepale.

#39 Nyundo_ya_Area_D
Si nilisema chukua injini? Sasa unayo inayowaka mbele yako unataka kuing'oa kichwa. Chukua yote.

#40 Spana_13
Kama bei inaruhusu safari hii nakubaliana na Nyundo, ila bloku yake Kizota haijulikani kama ina tatizo. Pima na uso wa bloku kwa rula ileile. Kama bloku ni nyoofu na silinda hazijakwaruzwa, hedi inatosha.

#41 Nyundo_ya_Area_D
Na ringi?

#42 Spana_13
Ringi hatujui mpaka apime.

#43 Fundi_Ipagala
Kizota, ukifika Manyoni chukua na bolti za hedi ila usizichanganye. Ziko za urefu wa aina mbili, 90 mm na 108 mm, kila moja na shimo lake. Ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi inagota chini kabla hedi haijabanwa, spana inakwambia imekaza kumbe haijashika. Mimi nachora hedi kwenye kadibodi, natoboa matundu, kila bolti inachomekwa mahali pake. Kukaza ni kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje: kwanza 29 Nm, halafu robo mzunguko, halafu robo tena. Fundi anayekaza kwa kusikilizia mkono mwambie aazime spana ya kupimia.

#44 Mzee_wa_Kibaigwa
Nimempata mwenye Corolla. Gasketi aliweka ya 4A. Kwa hiyo Spana_13 kwenye gasketi uko sahihi, na mimi kwenye hedi ya 5A niko sahihi, inatembea.

#45 Spana_13
Muulize mzee kama inagonga ikipanda na mzigo.

#46 Mzee_wa_Kibaigwa
Kibaigwa hakuna mlima.

#47 Kijana_wa_Nzuguni
Nimepima Noah kama alivyosema Spana. Silinda ya pili baada ya kuweka oili imepanda sana, zingine kidogo tu. Nifungue uzi?

#48 Spana_13
Fungua, weka na namba ulizosoma kwenye geji, zote nne, kavu na za oili.

#49 Kizota_Kwetu
Naenda Manyoni Jumamosi na fundi. Gasketi ya manifoldi na rula ya chuma viko kwenye begi. Mbukwenyi_Fundi, ile linibani ya Caldina na ya Carina Ti vilango vya manifoldi ni vilevile, au nibebe na manifoldi yenyewe?

#50 Mbukwenyi_Fundi
Beba manifoldi. Nimezifungua Premio na Carina zikafanana, Caldina sijawahi kuziweka mbili meza moja.